Ukanda wa Jabari juu ya Masisi

Kamera na simu nyingi zina kapasita za tantali, na tantali hutoka kwenye koltani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kuwa machimbo ya Rubaya, kwenye vilima vya Masisi mashariki mwa Kongo (DRC), hutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Oksidi ya madini hayo huchanganywa pia kwenye vioo vya baadhi ya lenzi ili vipinde mwanga zaidi bila kuwa vinene. Mpiga picha wa nyota aliyeko Chile huenda amebeba chembe za Rubaya begani, ilhali anga la Rubaya lenyewe hata halimjii akilini. Angepata cha kupiga huku.

Rubaya iko nyuzi 1.5 tu kusini mwa ikweta. Mtu wa London akitafuta kitovu cha Njia Nyeupe, kilichoko upande wa kundi la Mshale, hukikuta kimelala chini, hakipandi zaidi ya nyuzi 10 juu ya upeo. Masisi kinapanda zaidi ya nyuzi 60. Wingu Kubwa la Magellan linaonekana kusini, galaksi ya Andromeda kaskazini, na katika mwaka mmoja karibu nyota zote za pande mbili za anga hupita. Nyota ya Kaskazini ndiyo inayokosekana: imezama chini kidogo ya upeo.

Chukua usiku mmoja wa katikati ya Agosti, mwezi ukiwa gizani. Saa mbili usiku kitovu cha Njia Nyeupe kiko juu kabisa upande wa kusini. Saa nane usiku kinatua kusini magharibi, na wakati huohuo zile nyota tatu za ukanda wa kundi la Jabari zinachomoza mashariki, zimepangana kimshazari. Mashariki hiyo, umbali wa kilomita 40 hivi, ndiko uliko mlima Nyiragongo. Kwenye kilele kisichozibwa na vilima vingine, kreta ikiwa na lava, ukanda unapanda juu ya wekundu wa volkano. Kisha unaendelea kupanda hadi utosini, kwa sababu nyota hizo ziko karibu kabisa na mstari unaopita juu ya Rubaya. Tatizo ni kwamba jiji la Goma nalo liko upande huohuo, na taa zake pamoja na moshi wa volkano huchafua sehemu hiyo ya picha. Ukitaka weusi safi, geuzia lenzi magharibi, kwenye misitu ya Walikale.

Weusi huo nisiupambe kupita kiasi. Ni giza la watu waliokosa umeme, wachimbaji wakishuka mashimoni kwa tochi za kichwani.

Kamera yenyewe hufanya kazi ya subira. Kila chembe ya mwanga ikigonga silikoni huweza kung'oa elektroni moja. Kihisi huzikusanya hadi lenzi ifungwe, kisha huzihesabu. Nyota hafifu inahitaji muda, lakini Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na ukichelewa kufunga, nukta inakuwa mstari. Wapiga picha hugawa 500 kwa urefu wa fokasi wa lenzi: milimita 20 inakupa sekunde 25. Kwa Rubaya naona hesabu hiyo ni ya ukarimu mno. Nyota za utosini huku ndizo zinazokimbia kuliko zote kwenye kihisi, kwa hiyo sekunde 15 zinatosha. Badala ya kurefusha, piga nyingi. Picha 16 zikipangwa moja juu ya nyingine kwa programu ya kompyuta na kutolewa wastani, chengachenga hupungua hadi robo.

Mashine ya kufuata nyota ina kero yake hapa. Mhimili wake lazima ulale karibu sambamba na ardhi, na nyingine zilizoundwa kwa ajili ya Ulaya hazishuki kiasi hicho.

Hali ya hewa nayo haina huruma. Utafiti wa mwaka 2016 uliiweka Kabare, huko Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa radi: mimweso zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ndiyo maana nimetaja Agosti, mwishoni mwa kiangazi, ingawa miezi hiyo ukungu wa moshi wa nyika zinazochomwa kusini hupunguza nyota zilizo karibu na upeo.

Lakini kizuizi kikubwa si mawingu. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, na mtu aliyesimama kilimani saa nane usiku na chombo chenye miguu mitatu haonekani kama mpenda nyota. Simshauri mtu kwenda. Musoma nchini Tanzania na Machakos nchini Kenya ziko kwenye latitudo ileile, takriban nyuzi 1.5 kusini; ukitoka nje ya mji ukaziacha taa nyuma, saa zote nilizotaja zinabaki, ila kwa saa za huko uziongeze kwa nusu saa hivi, na volkano usiitarajie.