Chennai: Hoteli isiyofaa yaweza kumaliza fedha za matibabu

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi Chennai, makao makuu ya jimbo la Tamil Nadu kusini mashariki mwa India, limekuwa miongoni mwa majiji ya ng'ambo yanayofahamika sana kwa Watanzania wanaotafuta tiba nje ya nchi.

Ingawa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyozinduliwa jijini Dar es Salaam mwaka 2015, imewawezesha wagonjwa wengi kutibiwa hapa nchini, bado wapo wanaosafiri kwa rufaa au kwa fedha zao wenyewe, tena wakifuatana na ndugu wa kuwauguza.

Gharama za hospitali huulizwa mapema, na familia hukaa kikao na kuchangishana. Malazi huachwa hadi siku za mwisho, kana kwamba ni jambo dogo litakalojipa lenyewe mbele ya safari.

Ukweli ni kwamba mgonjwa hulazwa hospitalini kwa siku chache tu. Siku za vipimo, za kusubiri majibu na za kurudi kwa daktari baada ya upasuaji huzimaliza hotelini. Kwa hiyo kosa la kuchagua hoteli hulipiwa kila siku, na fedha zinazolipia kosa hilo ni zilezile zilizokusudiwa dawa.

Anza na hospitali, si hoteli

Chennai, lililojulikana kwa jina la Madras hadi mwaka 1996, ni jiji kubwa. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 8.5 katika jiji hilo pamoja na vitongoji vyake.

Katika jiji la ukubwa huo, swali la kwanza si hoteli gani ni nzuri, bali ni mahali gani msafiri atakwenda kila asubuhi. Hospitali zimetawanyika, na nyingine zina matawi kadhaa yenye jina moja.

Hospitali ya Apollo, kwa mfano, ilianza mwaka 1983 katika eneo la Greams Road, katikati ya jiji. Hata hivyo, leo ina vituo vingine, kikiwamo cha tiba ya saratani kwa mionzi ya protoni kilichofunguliwa mwaka 2019 katika eneo la Taramani, upande wa kusini.

Hospitali ya macho ya Sankara Nethralaya iko Nungambakkam, na ile ya MIOT iko Manapakkam, magharibi. Anayefika akijua jina la hospitali tu, bila kujua tawi, anaweza kulipia hoteli iliyo upande mwingine kabisa wa jiji.

Kwa hiyo ni vema barua ya miadi isomwe kwa makini, na tawi, mtaa na jengo viandikwe pembeni kabla ya kutafuta chumba.

Anwani za Chennai nazo zina utata wake. Nyumba nyingi zina namba mbili, ya zamani na mpya, na zote huandikwa. Barabara kuu iliyoitwa Mount Road sasa ni Anna Salai, lakini wakazi wengi wangali wakitumia jina la kale. Njia rahisi ni kuiomba hoteli itaje alama iliyo jirani, kama vile msikiti, kituo cha treni au benki.

"Hotel" ina maana gani?

Msomaji wa Kiswahili hatashangaa kuambiwa kwamba kusini mwa India neno "Hotel" lililoandikwa mlangoni mara nyingi humaanisha mahali pa kula, kama sisi tunavyosema hoteli ya chai. Bango la "Military Hotel" halihusiani na jeshi. Humaanisha kwamba nyama inauzwa hapo.

Kwa upande wa malazi, bango husomeka "Lodge" au "Lodging". Neno "Mansion", ambalo kwingineko lingemaanisha jumba la kifahari, katika mtaa wa Triplicane humaanisha jengo la vyumba vidogo vya bei ya chini wanavyopanga wanaume makapera. Si mahali pa kumpeleka mgonjwa.

Kuzunguka Greams Road na eneo jirani la Thousand Lights zipo nyumba nyingi za wageni na vyumba vyenye jiko, vilivyoanzishwa kwa ajili ya wagonjwa wanaotoka mbali, wakiwamo wa Bangladesh na Bengali Magharibi. Kwa anayekaa wiki tatu au zaidi, chumba chenye jiko huweza kumsaidia kuliko hoteli yenye ukumbi wa marumaru.

Nyota nazo zisimbabaishe mtu. Mpango wa Wizara ya Utalii ya India wa kuzipanga hoteli kwa nyota ni wa hiari. Hoteli isiyo na nyota si lazima iwe mbaya, na nyota zinazoonekana kwenye tovuti za kukatia vyumba huenda zikawa za tovuti yenyewe, wala si za wizara.

Si kila mlango hupokea mgeni wa nje

Hapa ndipo wasafiri wengi hukwama. Sheria za India humtaka kila anayempa malazi raia wa kigeni atoe taarifa zake kwa mamlaka za uhamiaji ndani ya saa 24. Kwa miaka mingi taarifa hiyo imejulikana kwa jina la Fomu C, na sasa hutumwa kwa njia ya mtandao. Sheria mpya ya uhamiaji na wageni ya mwaka 2025 imeuendeleza wajibu huo.

Baadhi ya nyumba ndogo za wageni hazijajisajili katika mfumo huo, au hazitaki usumbufu wake. Matokeo yake ni kwamba mtu huweza kukata chumba kupitia mtandao, akafika usiku na mgonjwa wake, kisha akaambiwa hapo hawapokei pasipoti za nje.

Dawa yake ni kuuliza mapema kwa maandishi: "Je, mnapokea wageni wa nje, na mtatujazia Fomu C?" Jibu litunzwe kwenye simu na pia lichapishwe kwenye karatasi.

Wajibu huo unamhusu hata mwenye nyumba binafsi. Anayepangishwa chumba na mtu aliyekutana naye nje ya lango la hospitali, bila taarifa yoyote kupelekwa, hujiweka katika hatari ya kusumbuliwa atakapohitaji kuongezewa muda wa viza.

Hotelini, mgeni hutakiwa kuonyesha pasipoti na viza, na nakala zake huchukuliwa. Hilo ni jambo la kawaida. Hata hivyo, baada ya nakala kutolewa, pasipoti irudi mikononi mwa mwenyewe.

Viza nazo ziendane na safari. Kwa kila viza ya matibabu inayotolewa kwa njia ya mtandao, India hutoa viza za wasindikizaji wasiozidi wawili. Ni busara kuieleza hoteli tangu mwanzo idadi ya watakaolala chumbani, kwani kitanda cha ziada hutozwa fedha.

Hesabu ya kweli ya bei

Bei inayotangazwa huenda isiwe bei itakayolipwa. Tangu Septemba 22, 2025, kodi ya huduma kwa chumba kisichozidi rupia 7,500 kwa siku ni asilimia 5. Kinachozidi hapo hutozwa asilimia 18. Uulize kama bei uliyotajiwa imejumuisha kodi, kifungua kinywa na kitanda cha msindikizaji.

Tuchukue mfano. Chumba cha rupia 1,800 kwa siku, kwa siku 21, ni rupia 37,800. Ukiongeza kodi ya asilimia 5, ambayo ni rupia 1,890, jumla inafikia rupia 39,690.

Sasa tuseme kipo chumba cha rupia 1,300 mtaa wa mbali. Unaokoa rupia 500 kwa siku. Lakini iwapo bajaji ya kwenda hospitalini ni rupia 250 na ya kurudi ni rupia 250, akiba yote imekwisha, na mgonjwa ameongezewa safari mbili kwenye msongamano wa magari, huenda akiwa na mshono mpya.

Bajaji za huko zina mita, lakini madereva wengi hupendelea kupatana bei. Huduma za kuita usafiri kwa simu, kama Ola na Uber, humwonyesha abiria makadirio ya nauli kabla hajapanda.

Kuna pia treni ya mjini iliyoanza mwaka 2015. Njia yake moja hutoka uwanja wa ndege na kupita katikati ya jiji, ikiwa na kituo Thousand Lights. Kwa msindikizaji mwenye afya, hoteli iliyo karibu na kituo cha treni hiyo ni nafuu kubwa.

Jambo jingine la kuuliza ni saa ya kuondoka. Hoteli nyingine humtaka mgeni atoke saa sita mchana, hata kama aliingia saa mbili usiku. Nyingine huhesabu saa 24 tangu alipoingia. Kwa anayetua usiku wa manane, tofauti hiyo ni sawa na malipo ya siku nzima.

Kagua chumba kabla ya kulipa

Picha za kwenye mtandao huwa za chumba bora kuliko vyote, na huenda zilipigwa miaka mingi iliyopita. Kuomba kuona chumba si utovu wa adabu. Ni desturi ya kawaida nchini humo.

Kwanza, itazamwe lifti. Zipo nyumba za ghorofa tatu au nne zisizo na lifti, na mgonjwa wa moyo au wa goti hawezi kupanda ngazi hizo kila siku. Kama ipo, ulizwe kama jenereta huiendesha umeme unapokatika.

Pili, kitazamwe choo. Vipo vya kukaa na vya kuchuchumaa, na aliyefanyiwa upasuaji huhitaji cha kukaa. Ulizwe pia muda wa maji ya moto, kwa sababu baadhi ya nyumba huyatoa kwa saa maalumu tu, kwa kawaida asubuhi.

Tatu, dirisha lifunguliwe. Lisilofunguka kabisa hukifanya chumba kuwa kizito, na linalotazama barabara kuu huleta honi usiku kucha. Wavu wa mbu nao ni muhimu, kwani homa ya dengue ipo Chennai kama ilivyo Dar es Salaam.

Nne, umeme. Soketi za India huchukua plagi za pini za mviringo, hivyo plagi ya pini tatu bapa tunayoitumia hapa nyumbani haitaingia. Adapta ndogo inatosha, lakini anayetegemea mashine ya kupumulia au ya kupimia sukari inayochajiwa asiisubiri hadi afike.

Chakula na majira

Hoteli nyingi za Chennai, hasa katika mitaa kama Mylapore, hazipiki nyama wala samaki, na nyingine haziruhusu viingizwe chumbani. Anayehitaji mlo wa namna fulani kwa agizo la daktari aulize kabla ya kulipa.

Kwa Waislamu, mtaa wa Triplicane, ulio jirani na msikiti mkubwa wa Wallajah uliojengwa mwaka 1795, una migahawa mingi ya vyakula vya halali. Maji ya bomba yasinywewe. Ulizwe kama hoteli hutoa maji yaliyochujwa au yaliyochemshwa.

Majira nayo hubadili hesabu. Mwezi Mei joto huweza kupita nyuzi 40, na chumba kisicho na kiyoyozi huwa adha kwa mgonjwa. Mvua kubwa hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, tofauti na sehemu nyingi za India ambazo hupata mvua zao katikati ya mwaka.

Mafuriko ya Desemba 2015 yaliufunga uwanja wa ndege kwa siku kadhaa, na kimbunga Michaung kilifurisha mitaa mingi Desemba 2023. Anayesafiri miezi hiyo asikubali chumba cha chini kabisa katika eneo la bondeni, na aache nafasi ya siku kadhaa katika fedha zake.

Usiku mbili kwanza

Kutokana na hayo yote, njia iliyo salama ni kukata usiku mbili tu kwanza, katika hoteli iliyothibitisha kwa maandishi kwamba hupokea wageni wa nje, hata kama bei yake imezidi kidogo. Malipo ya mwezi mzima yasifanyike kutoka nyumbani.

Dereva akidai njiani kwamba hoteli hiyo imefungwa au imejaa, na kwamba anaijua iliyo bora zaidi, asisikilizwe. Huenda ana kamisheni yake huko. Namba ya simu ya hoteli ipigwe palepale. Uwanja wa ndege uko yapata kilomita 15 tu kutoka Greams Road, hivyo safari hiyo haihitaji mizunguko mingi.

Siku ya pili, mgonjwa akiwa amepumzika, msindikizaji atembee kwa miguu kuzunguka hospitali, aone vyumba vitatu au vinne, aulize bei ya wiki na ya mwezi, na kujua kama fedha hurudishwa wakiondoka mapema. Ofisi ya hospitali inayohudumia wagonjwa wa kigeni nayo iulizwe, kwani nyingi zina orodha ya nyumba za jirani.

Risiti zote zitunzwe, na namba za Ubalozi wa Tanzania mjini New Delhi ziwe kwenye karatasi, si kwenye simu pekee. Ubalozi huo uko zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Chennai, na si rahisi kuufikia kwa miguu ya dharura.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa familia iliyouza shamba au kuchangisha ukoo mzima ili mmoja wao apone, maswali machache yanayoulizwa kabla ya kulipia chumba yanaweza kuwa ndiyo siku tano za ziada ambazo daktari atazihitaji.