Kambare ni chambo, sangara ndiyo hela: asubuhi ya masika ziwani Murangi

Ukitaka kujua masika yamekolea Murangi, angalia ndoo za chambo. Kati ya Machi na Mei, mvua zikijaza mito na majani ya ukingoni yakizama, kambare wanatoka kwenye kina na kupanda juu. Na kambare mdogo, akiwa bado anapumua, ndiye anayetumiwa na wavuvi wengi wa ndoano kumnasa sangara.

Yaani samaki mmoja anatumika kumvua mwenzake. Mmoja bei yake mwaloni ni ya kawaida tu, mwingine minofu yake inapanda ndege kwenda Ulaya. Maisha ya hawa wawili ndiyo yanaeleza kwa nini asubuhi moja mtumbwi unarudi umejaa, na kesho yake unarudi na hasara ya petroli.

Murangi ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, ile ambayo wengi bado wanaiita Musoma Vijijini. Iko upande wa Majita, kwenye barabara inayotoka Musoma mjini kwenda Makojo na Busekera. Watu wa huku wanalima mihogo, wanafuga, lakini ikifika suala la ada ya shule au bati la nyumba, macho yanageukia ziwani.

Usiku ndiyo kazi, asubuhi ndiyo hesabu

Uvuvi wa sangara kwa ndoano unaanza jioni. Wavuvi wanatega kamba ndefu iliyofungwa ndoano nyingi, mamia wakati mwingine, kila moja na uzi wake mfupi. Juu yanaelea maboya, mara nyingi ni madumu ya plastiki, chini kuna mawe ya kuishikilia. Kambare anatobolewa kwa ustadi ili asife, maana akicheza majini ndipo sangara anapomwona. Chambo kilichokufa kinavua pia, ila si sawa.

Alfajiri, kuanzia saa 10 au 11, kamba inaanza kuvutwa. Kwa nini mapema hivyo? Sababu ya kwanza ni samaki mwenyewe. Sangara anawinda zaidi mwanga ukiwa hafifu, na jicho lake limeumbwa kwa kazi hiyo: ukimmulika na tochi usiku linang'aa. Akishanasa halafu akaachwa mpaka jua kali, anafia kwenye ndoano na nyama inaanza kulegea. Mnunuzi anabonyeza kidole tu, anajua.

Sababu ya pili ni upepo. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, hivyo upepo mwepesi unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana inageuka: ardhi inapata joto, upepo unatoka ziwani kuja pwani. Wenye mitumbwi ya tanga wameutumia mzunguko huu miaka na miaka, wanatoka na upepo wa usiku na kurudi na wa mchana. Mwenye injini naye anaujali, kwa sababu kupambana na mawimbi ni kuchoma mafuta.

Mtumbwi ukigusa ufukwe, hesabu inaanza. Kwa kawaida gharama zinaondolewa kwanza: petroli, chambo, chakula. Kinachobaki ndicho kinagawanywa kati ya tajiri, yaani mwenye chombo na zana, na wavuvi wake. Kwa hiyo usiku mbaya unamuumiza zaidi yule aliyekesha. Petroli lazima ilipwe hata kama sangara hakutokea.

Mmoja anahitaji hewa nyingi, mwingine anakuja kuichukua juu

Huko Marekani na Kanada kuna watu wanaosubiri majira ya kuchipua kwa hamu ili wakavue samaki aitwaye walleye pamoja na kambare wa kwao. Wanasubiri barafu iyeyuke na maji yapate joto. Walleye naye ana jicho linalong'aa gizani kama la sangara, na wavuvi wake pia wanaamka usiku.

Ziwa Victoria halina barafu. Joto la maji yake halibadiliki sana mwaka mzima, linacheza kwenye nyuzi 24 hadi 27 hivi. Kinachobadilika ni mvua, upepo na hewa iliyomo majini, na hapo ndipo siri ya masika ilipo.

Ziwa hili ni kubwa sana, kama kilomita za mraba 68,800, lakini si refu kwenda chini. Kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na pale palipo na kina zaidi ni takriban mita 80. Katika miezi ya joto na mvua, maji ya juu yanakuwa ya moto kidogo na mepesi, yanakaa juu ya maji ya chini yaliyo baridi na mazito, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki vizuri. Mabaki ya mwani na uchafu yanayozama yanaozea kule chini na kula oksijeni. Matokeo yake, sehemu kubwa ya chini inakuwa haikaliki kwa samaki anayehitaji hewa nyingi.

Sangara ni mmoja wao. Ni samaki mkubwa, anaweza kufikia mita 2 na kilo 200, anawinda kwa kasi, na mwili wake unadai oksijeni ya kutosha. Chini kukikosa hewa, anasogea juu au kwenye maji ya kina kifupi. Ndiyo maana mvuvi mzoefu wakati wa masika habishani na kina: anatega pale ambapo sangara analazimika kuwepo.

Kambare ni hadithi tofauti kabisa. Juu ya mashavu yake, pembeni ya matamvua, ana kiungo chenye matawi matawi kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida kama wewe. Anapanda juu, anameza hewa, anarudi. Kwenye dimbwi la tope ambalo sato angekufa ndani ya muda mfupi, yeye anakaa tu. Usiku wa mvua anaweza hata kujikokota kwenye majani yenye maji kutoka dimbwi moja kwenda jingine, na wanaolima karibu na mito wanalijua hilo, wala si uchawi.

Mvua ndiyo inayomwamsha kuzaa. Maji yakifurika kwenye nyasi, majike wanaingia usiku na kutaga mayai yanayonata kwenye majani. Hawayalindi. Baada ya hapo ni bahati ya kila yai, ila kwa kuwa mayai ni maelfu, vifaranga wanaopona wanatosha kujaza madimbwi.

Samaki wakielea, lawama zinaanza

Kuna siku wavuvi wanakuta samaki waliokufa wanaelea, na jambo la kwanza linalosemwa ni sumu. Si wazo la ajabu. Uvuvi wa sumu uliwahi kuligharimu ziwa zima: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya viuatilifu, na viwanda vya minofu vikatikisika.

Lakini mara nyingine muuaji ni hewa. Dhoruba kali ikipiga, yale maji ya chini yasiyo na oksijeni yanaweza kupandishwa juu ghafla. Januari 2021 sangara wengi walielea upande wa Uganda, na serikali ya huko ilieleza kuwa oksijeni ilishuka baada ya dhoruba kuchanganya tabaka za maji.

Mara ina kisa chake, nacho bado kinazua mjadala. Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika kuwa meusi na samaki wakaanza kufa, hasa eneo la karibu na Daraja la Kirumi. Kamati iliyoundwa na serikali chini ya Profesa Samuel Manyele ilisema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyosombwa na kumaliza oksijeni. Wengi hawakukubali. Mitandaoni ng'ombe wa Mara walitetewa kwa vichekesho, na wapo waliotaka uchunguzi huru.

Ukweli wa kisayansi ni kwamba takataka za mimea na kinyesi zikiingia majini kwa wingi zinaweza kweli kumaliza hewa, hasa mvua za kwanza zinapososmbua mabwawa yaliyokaa muda mrefu. Hilo peke yake halithibitishi kisa chochote, ndiyo maana sampuli za maji zinatakiwa kuchukuliwa mapema, kabla mto haujajisafisha. Kuna dalili moja ya kuanzia ambayo hata mwananchi anaweza kuiona: kama sangara na sato wamekufa lakini kambare na kamongo wako hai, kosa la hewa linawezekana sana, kwa sababu hao wawili wanavuta hewa ya juu. Kwa vyovyote vile, samaki aliyeokotwa akielea si wa kula wala wa kuuza.

Biashara ya ndoo

Wanaotafuta chambo wengi ni vijana na watoto, wanavizia kambare kwenye mifereji na majaruba. Ishu ni kwamba kiangazi chambo kinaadimika na bei inapanda. Ndiyo maana sehemu mbalimbali kuzunguka ziwa, Kenya, Uganda na Tanzania, kuna watu wamechimba mabwawa na kuzalisha vifaranga vya kambare kwa ajili ya kuwauzia wavuvi wa sangara tu. Hamfugi ili aliwe. Anamfuga ili akaliwe na mwingine.

Hapa Majita kuna kitu kingine kinachompunguzia kambare soko la mezani. Usabato uliingia eneo hili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na una mizizi mirefu. Waumini wake hawali samaki asiye na magamba, na kambare hana hata moja. Hongwe na kamongo nao wanaachwa. Sangara na sato wana magamba, hao hawana kesi. Basi kambare mkubwa akinaswa anatafutiwa mlaji wa dhehebu jingine, na kusema kweli hawakosekani: akikaushwa kwa moshi, ni mtamu.

Sentimita 50

Sangara si mwenyeji wa asili wa ziwa hili. Aliingizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, akasambaa, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewafyeka furu wa aina nyingi na kujaza nyavu za kila mtu. Viwanda vya minofu vikafuata. Leo hata mabondo yake, kile kifuko cha hewa cha tumboni, yanakaushwa na kusafirishwa kwenda China kwa bei inayoiacha nyama mbali sana.

Hela ikiwa nyingi, samaki wanapungua ukubwa. Sheria inasema sangara aliye chini ya sentimita 50 asivuliwe, na sato asiwe chini ya 25. Kwa miaka mingi nchi tatu za ziwa zilikuwa pia na kikomo cha juu cha sentimita 85, kwa hoja kwamba majike wakubwa ndio wanaobeba mayai kwa mamilioni. Jike la sentimita 50 kwa kawaida bado halijawahi kuzaa hata mara moja.

Ndoano zina faida hapa, ukichagua vizuri. Namba yake inasomwa kinyume na unavyodhani: namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo, na ndoano ndogo inakamata watoto. Kokoro linalovutwa mpaka ufukweni halichagui kitu, wala nyavu za timba, na vyote ni marufuku. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilichoma nyavu nyingi kanda ya ziwa na malalamiko ya wavuvi yakafika bungeni. Nyavu zikateketea, lakini swali la mwaloni likabaki lilelile. Saa 12 asubuhi, petroli imekopwa, na kwenye mtumbwi kuna sangara wanne wa sentimita 45. Wengi wao wanakuwa wameshakufa kwenye ndoano, hata kuwarudisha majini hakusaidii. Kwa hiyo uamuzi wa maana unafanyika jioni, wakati wa kuchagua ndoano na mahali pa kutega.

Radi za alfajiri

Ule upepo wa usiku unaomsaidia mvuvi kutoka una upande mbaya. Unatoka pande zote za ziwa na kukutana katikati, unasukuma hewa yenye unyevu kwenda juu, na hapo mawingu ya radi yanajijenga. Mchana mvua za radi zinapenda nchi kavu, lakini usiku wa manane mpaka asubuhi zinapenda ziwa. Yaani saa zilezile ambazo kamba ziko majini.

Makadirio yanayotajwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria lote, wengi wao kwa hali mbaya ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ina rada Mwanza na hutoa utabiri kwa ajili ya watumiaji wa ziwa, ambao unasambazwa redioni na kwenye simu.

Usomwe kabla ya saa 11 jioni, kabla chambo hakijawekwa kwenye ndoano. Umeme ukianza kumulika upande wa ziwani wakati bado uko ufukweni, kambare wanaweza kukaa kwenye ndoo mpaka kesho. Wao hewa wanaipata tu.