Paki ziko on, injini inawaka bila uvivu wowote? Basi sim yako ya 737 inakudanganya

Kama uko kwa hii mambo ya flaiti sim, huu ubishi unaujua. Msee mmoja anaapa sim yake ni sawa na ndege yenyewe, mwingine anamwambia hiyo ni gemu tu yenye swichi mob. Picha na mawingu haziwezi maliza hiyo kesi. Hewa ndio inaweza.

Cheki venye inakuanga. Injini ya jeti inavuta hewa, inaibana, alafu ndio inamwagia mafuta na kuichoma. Sasa kabla hewa ifike kwa moto, ndege inachota kiasi pembeni. Hiyo ndio wanaita blidi. Kwa Boeing 737-800 inatolewa hatua ya 5 ya kompresa, na injini ikiwa imetulia chini inaongezewa na ya hatua ya 9. Ni hewa ya moto noma, inaweza kupita digrii 200. Ndio inazungusha injini ingine ukiwasha, inapasha mabawa barafu isishike, na inalisha paki, zile mashine mbili za kupooza hewa kabla uipumue huko nyuma na soda yako. Hata maji ya choo yanasukumwa nayo.

Fikiria ploti yenye tenki moja ya maji. Wa graundi akifungua mfereji afue, wewe wa juu kabisa unabaki bafu na sabuni machoni. Blidi ni hivyo hivyo. Hewa ni moja na watumiaji ni wengi, kila mtu akichukua, mwingine anapunguziwa.

Na hapo ndio sim nyingi hufeli. Ndani ya sim ya juu juu, kodi inauliza swali moja tu: swichi iko on? Eeh, iko. Sawa, hewa iko. Kila mtu kwa ploti amepewa tenki yake, hakuna kugombana. Zingine hata hewa haziulizi, unabonyeza Ctrl+E na injini zote zinaamka zenyewe kama watoto wa bodingi wamesikia kengele.

Sim iliyoenda shule inahesabu. Chukua PMDG 737 ya Microsoft Flight Simulator, iliyotoka 2022, ama Zibo ya X-Plane kama mfuko umekauka, juu hiyo ni bure. Angalia paneli ya juu ya kichwa, kuna geji ya presha yenye sindano mbili, moja ya kushoto, moja ya kulia. Washa APU, ile injini kadogo ya mkiani, alafu fungua blidi yake. Sindano zinapanda. Peleka swichi ya kuwasha kwa GRD, zinaanguka, juu stata inakula hewa. N2 ikifika asilimia 25 unaachilia mafuta, ikipita 56 stata inajitoa, na sindano zinarudi juu. Hiyo densi ya sindano ndio ushahidi. Ukiacha paki zikiwa on, presha inagawanywa na N2 inapanda kwa uvivu.

Mtihani ninaoupenda zaidi ni huu. Kwa 737, hewa ya APU inaingilia upande wa kushoto. Kuvuka kwenda kulia inapitia valvu moja ya katikati. Funga hiyo valvu, alafu jaribu kuwasha injini ya kulia. Ikiwaka, buda, hapo hakuna mabomba, kuna mchoro wa mabomba.

Usipeleke mtihani wa paki kwa Airbus A320 lakini, utaionea bure. Hiyo hujifungia paki yenyewe wakati wa kuwasha. Na kwa Boeing 787, zile Dreamliner za KQ, usitafute kabisa: hewa ya kabini inabanwa na kompresa za stima, injini haichotwi hewa ya abiria.

Kuna kitu ingine watu wa Nairobi tunafaa kuangalia. JKIA iko karibu futi 5,330 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na injini inahitaji kila kitu. Ndege ikiwa nzito, marubani wa 737 wanaweza kupaa blidi zikiwa zimezimwa ili injini isiibiwe nguvu. Fanya hivyo kwa sim. Kiwango cha juu cha N1 kikipanda kidogo, kuna mtu alifanya kazi yake. Kisiposonga, swichi ni mapambo.

Sasa, mbona mtu apoteze usiku kwa hii maneno? Kwa sababu hewa ikiingia ni nusu ya stori, nusu ingine ni inavyotoka. Tarehe 14 Agosti 2005, Helios 522, 737-300 kutoka Larnaca kwenda Athens, ilipaa swichi ya presha ikiwa imeachwa kwa MANUAL baada ya mafundi kuipima. Valvu ya kutoa hewa ilibaki wazi kiasi, kabini haikujaa. Honi ililia. Marubani wakadhani ni ile ya kuonya kuhusu mipangilio ya kupaa, juu sauti ilikuwa moja. Oksijeni ikawaishia wakiwa bado wanatafuta shida. Ndege ikaendelea na autopailoti hadi mafuta yakaisha, ikaanguka Grammatiko. Watu 121 walikufa.

PMDG inaweza kukupea hiyo swichi, hiyo valvu na hiyo honi. Kenye haiwezi ni kichwa chako kupoteza rada polepole huku unajiona uko fiti kabisa. Hata skrini ikiwekwa giza, wewe bado unapumua hewa ya Umoja, chai iko kando.

Ukitaka kujipima, mwambie beste aje abadilishe swichi moja hapo juu kabla upae, asikwambie gani. Honi italia kabini ikifika futi 10,000. Mpee simu ahesabu sekunde hadi mkono wako uende kwa maski ya oksijeni, si kwa kitabu.