Mpiga Bastola Apewapo Amri

Watu wa Mji Mkongwe walioingia sinema ya Majestic ya Vuga, iliyojengwa mwaka 1955 baada ya ile ya Royal kuteketea kwa moto, hawakuhitaji kufunzwa picha za kauboi: steling hujulikana kabla hajafumbua kinywa, na adui hujulikana kwa namna anavyousukuma mlango. Lakini iko aina moja iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni ya mtu aliyezoea kuishi kwa bastola kisha akakabidhiwa ulinzi wa sheria. Kwani bastola ni ile ile na shabaha ni ile ile, kilichozidi ni kipande cha bati kifuani, na mtengenezaji hana budi kutufanya tukisadiki.

Mfano ulio bora, kwa rai yangu, ni My Darling Clementine ya John Ford, ya mwaka 1946. Wyatt Earp, yaani Henry Fonda, yuko kwa kinyozi, povu limemjaa mashavuni, mara risasi za mlevi zinapenya dukani; hatoki kwa haraka wala kwa hamaki, bali huenda na povu lake hilo hilo akamburura mlevi kwa miguu hadi nje. Meya akimwomba awe mlinzi wa mji wa Tombstone hukataa, kwa kuwa yeye ni mchunga ng'ombe apitaye njia. Usiku ule ule anamkuta nduguye mdogo, James, ameuawa na mifugo imeibwa. Ndipo anaporejea mjini akaipokea kazi aliyoikataa.

Tarikhi inasema vingine. Earp wa kweli alishitakiwa kwa wizi wa farasi mwaka 1871, na mwaka 1875 alikuwa askari polisi wa Wichita. Mapigano ya Tombstone ya 26 Oktoba 1881 yalidumu takriban nusu dakika na kuua watu watatu, ilhali James alikuwa hai. Aliyeuawa ni ndugu mwingine, Morgan, mwezi Machi 1882. Naye Wyatt, akiwa tayari ana amri ya serikali, akawasaka na kuwaua aliowatuhumu. Ford alikitanguliza kifo mbele ya beji, na kwa kupindua huko kisasi kikavaa joho la sheria.

Mtazamaji wa Forodhani, aketiye ndani ya Ngome Kongwe, iliyokuwa gereza zama za masultani na ambamo tangu 1998 tamasha la ZIFF huonyesha picha, ana jicho la kuligundua jambo hili. Kwani kwa sheria ya Kiislamu aliyoizoea, haki ya kisasi ni ya warithi wa marehemu, lakini hukumu ni ya kadhi, wala haijuzu mtu mmoja kuwa mdai na hakimu. Earp wa Ford ni vyote viwili, na picha inapita juu ya jambo hilo kwa ustadi mkubwa mno.

Naye Earp wa kweli hakufikishwa mahakamani kwa vifo vya 1882, akafa Los Angeles mwaka 1929.