Mizimu Inayokaa Ndani ya Gololi

Mchezo wa flipa, ule wa kuipiga gololi juu ya meza iliyoinama, ukiwa wa kwenye kompyuta, tena wenye makaburi na mizimu, unaweza kuonekana jambo la mbali kwa msomaji wa Kisangani. Lakini kwa kijana anayejifunza kuandika programu hapa mjini, sijaona somo linaloushinda: fizikia, hesabu na masimulizi vyote vimo, na havidai mashine ya gharama.

Nachukua Pinball Dreams, uliotoka mwaka 1992 kwa kompyuta ya nyumbani ya Amiga. Waliouunda ni vijana wa Sweden waliojiita Digital Illusions. Una meza nne, na mojawapo, Nightmare, ni ya kutisha waziwazi: makaburi, mizimu, mashetani, na muziki wa Olof Gustafsson. Mwaka huohuo wakatoa Pinball Fantasies, na humo wakairudia mizimu katika meza ya Stones 'n Bones. Amiga 500 iliuzwa ikiwa na prosesa ya takriban megahezi 7 na kumbukumbu ya kilobaiti 512. Simu ya bei ya chini kabisa sokoni leo inaizidi mara nyingi mno.

Meza halisi ya flipa huinama kiasi cha digrii 6.5. Gololi yake ya chuma ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80, na kwa mwinamo huo huvutwa kwa takriban sehemu moja ya tisa tu ya uzito wake. Ndiyo maana ikipanda husita kidogo kule juu, kisha hushuka ikizidi kushika kasi. Kompyuta huiga hayo kwa kujumlisha. Kwenye Amiga za Ulaya picha huchorwa upya mara 50 kwa sekunde. Kila mara, programu inaongeza kidogo kasi ya kushuka, halafu inaisogeza gololi kwa kiasi cha kasi hiyo.

Ugumu unaanza ukutani. Tuseme gololi inakwenda mita 2 kwa sekunde. Gawanya kwa 50: kutoka picha hadi picha inaruka sentimita 4, zaidi ya kipenyo chake chenyewe. Ukuta mwembamba ukiwa katikati ya mruko huo, programu haiuoni kabisa. Gololi ilikuwa upande huu, sasa iko upande wa pili. Dawa yake ni kuukata mruko vipande vidogo na kukagua kila kipande. Ikigusa ukuta, kasi ya kuuelekea inageuzwa na kupunguzwa kidogo, kwa kuwa kila mgongano hula nguvu, na ile ya kuambaa nao inabaki. Ukisahau kupunguza, gololi itadunda bila kuchoka, na mchezaji ataacha kuiamini.

Kwa maoni yangu hofu ya mchezo inatoka hapa. Fuvu lililochorwa humtisha mtu mara ya kwanza, basi. Kinachombana kifua kila raundi ni pengo la kule chini, kati ya ile mikono miwili ya kupigia. Wavuvi wetu Wagenia hutega vikapu vyao kwenye maporomoko ya hapa mjini, pale ambapo maji yenyewe yatampeleka samaki; pengo hilo nalo limewekwa pale mvuto utakapoipeleka gololi. Mizimu ya Nightmare inalipa sura jambo ambalo vidole vinalijua tayari. Mvuto ukikosewa, hakuna mchoro wa kuuokoa mchezo.



Vijana wale wa Sweden walitumia mizimu ya makaburini; sisi tunaye Mamba Muntu, nusu mwanamke nusu samaki, ambaye wachoraji wa Kongo wamemchora kwa miaka mingi. Anayepata chanuo au nywele zake huahidiwa utajiri, kwa masharti. Hiyo ni meza iliyokwisha kuandikwa: chanuo, kioo na shungi la nywele viwe shabaha tatu, utajiri uwe alama zinazozidishwa, sharti likivunjwa, mto uimeze gololi. Python na maktaba yake ya Pygame ni za bure, na zikishapakuliwa hazihitaji intaneti. Vijana wa Kisangani, anzeni na gololi moja na mteremko wa digrii 6.5, na msimchore Mamba Muntu mpaka gololi hiyo idunde kama chuma.