Kitanzi hakipandi moyoni, lakini suala la damu liulizwe

KITAYA ni kijiji kilichopo ukingoni mwa Mto Ruvuma, mkoani Mtwara. Ng'ambo ni Msumbiji. Kwa mama anayelima huko, tarehe ya kurudi kuchoma sindano ya uzazi wa mpango huangukia popote: msimu wa kuokota korosho, siku za kufukuza ndege kwenye mpunga, au siku ambayo mtoto ana homa. Sindano iliyozoeleka ni ya kila miezi mitatu. Akichelewa sana kinga inakwisha, na huenda akashtukia mimba imeingia ilhali mtoto wa mgongoni bado ananyonya.

Mama wa namna hiyo angefaidika sana na kitanzi, ambacho wengi hukiita lupu. Lakini ndicho kinachoogopwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 walioolewa, takriban 32 walitumia njia ya kisasa. Sindano iliongoza, wa kitanzi alikuwa kama mmoja tu.

Chenyewe ni kipande kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, urefu wa sentimita tatu hivi, kilichozungushiwa waya wa shaba. Mtoa huduma aliyefunzwa hukipitisha kwenye mlango wa kizazi hadi ndani ya mfuko wa uzazi, kwa dakika chache. Huuma kama tumbo la hedhi, na kwa wengine zaidi. Shaba huzidhoofisha mbegu za kiume zisilirutubishe yai, kwa hiyo hakitoi mimba. Wala hakisafiri hadi moyoni, maana mfuko wa uzazi hauna njia ya kwenda huko. Ni mara chache sana kitanzi hutoboa ukuta wa mfuko wa uzazi kinapowekwa, ndiyo maana akiweke mtu mwenye ujuzi.

Kikishawekwa, hufanya kazi kwa miaka 10 au zaidi, na katika mwaka wa kwanza hushika mimba chini ya mwanamke mmoja kati ya 100. Akikitoa, anaweza kupata ujauzito mara moja. Kitanzi cha shaba hakina homoni, hivyo maziwa ya mtoto hayaathiriki. Kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, au kuanzia wiki ya nne. Mjamzito na aulize mapema kliniki.

Kisichosemwa vya kutosha ni damu. Katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo hedhi huwa nzito na ndefu, na tumbo huuma zaidi. Kwa mwanamke wa eneo lenye malaria, ambaye huenda tayari amepungukiwa damu, hilo si dogo. Apimwe wingi wa damu kabla, na asione aibu kurudi hali isipotulia. Mama asiyeambiwa haya atakitoa mwezi wa pili, na habari zake zitasambaa kisimani haraka kuliko maelezo yoyote ya nesi.

Waume nao wana lao. Kitanzi kina nyuzi mbili nyembamba zinazobaki kwenye mlango wa kizazi. Mume akizihisi, mtoa huduma anaweza kuzipunguza. Si sababu ya kugombana. Na kwa kuwa ukanda huu makungwi husikilizwa, si vibaya wao pia wakaalikwa kliniki.

Kitanzi hakimfai mjamzito, mwenye maambukizi ya zinaa yasiyotibiwa, mwenye saratani ya mlango wa kizazi, wala anayetokwa damu isiyojulikana chanzo. Anayeishi na VVU, yuko kwenye dawa na ana afya njema, anaweza kukitumia. Hakizuii magonjwa ya zinaa. Hapo kondomu inabaki palepale.

Hedhi ikikosekana, homa ikiambatana na maumivu makali chini ya kitovu, uchafu wenye harufu ukitoka au nyuzi zikipotea, arudi kituoni bila kungoja. Huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya umma hutolewa bure. Kama zahanati haina mtaalamu wa kukiweka, aombe rufaa ya kituo cha afya au Hospitali ya Ligula mjini Mtwara. Kadi iandikwe tarehe kilipowekwa na mwaka wa kukitoa, kisha itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto.