Kipimo cha Baruti kwa Bunduki za Kushindilia

Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa katika Mkoa wa Songwe, inajulikana na wanasayansi kwa mambo mawili. La kwanza ni kimondo kilichoanguka huko tarehe 16 Desemba 1938, chenye uzito wa gramu 700 hivi, ambacho jina lake limepewa kundi zima la vimondo vya aina hiyo. La pili ni chumvi. Uchimbuzi wa Brian Fagan na John Yellen, uliofanywa katika miaka ya 1960, ulionyesha kwamba maji ya chemchemi za Ivuna yalikuwa yakichemshwa vyunguni ili kupata chumvi tangu karne ya 13 hivi.

Penye chumvi pana mnunuzi, na penye mnunuzi hapana budi pawe na kipimo. Kila aliyewahi kununua chumvi kwa kibaba anajua kwamba kibaba cha chumvi ya mawe na kibaba cha chumvi iliyotwangwa havina uzito sawa, ingawa chombo ni kilekile. Chembe kubwa huacha nafasi kubwa za hewa kati yake. Aidha, kibaba kikigongwagongwa chumvi hushuka na nafasi ya kuongeza hupatikana. Ndiyo maana mnunuzi husisitiza kitikiswe, na muuzaji hufanya haraka kukifuta kwa kiganja. Kosa la namna hii sokoni humpotezea mtu senti chache. Katika bunduki ya kushindilia, kosa hilohilo laweza kumpotezea jicho au mkono.

Bunduki hizo, yaani magumegume na magobore, ziliingia bara kwa wingi katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyofuata pembe za ndovu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliacha mlango wazi, kwa masharti, kwa gumegume lenye mtutu laini na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Hivyo gobore likaendelea kuwa bunduki ya mtu wa kijijini muda mrefu baada ya majeshi ya Ulaya kuliacha. Hata leo lipo mikononi mwa wakulima na wawindaji. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi inamtaka mwenye silaha awe na leseni. Lakini leseni haimfundishi mtu namna ya kupima baruti.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa. Inapowaka, chini ya nusu ya uzito wake ndiyo hugeuka hewa inayosukuma risasi. Sehemu inayobaki ni masizi na moshi mzito. Kasi ya kuwaka hutegemea ukubwa wa punje: punje ndogo zina uso mkubwa zaidi wa kushika moto, kwa hiyo huungua upesi na kuongeza mgandamizo mtutuni. Mtengenezaji wa bunduki hueleza aina ya punje na kiasi kisichofaa kuzidishwa. Gobore lisilo na maelezo hayo sharti likaguliwe kwanza na fundi wa silaha anayetambuliwa, wala hakuna kipimo, hata kiwe kizuri namna gani, kinachoweza kuufanya mtutu uliooza kuwa mzima.

Kipimo cha kale kabisa kilikuwa kiganja: risasi iliwekwa kiganjani na baruti ikamiminwa mpaka ikaifunika. Wawindaji wengi wa Afrika walipima kwa vidole. Baruti ilimiminwa mtutuni, ikashindiliwa, kisha urefu wa mdeki uliobaki nje ukapimwa kwa upana wa vidole. Njia hiyo haistahili kudharauliwa. Mwenye bunduki moja, baruti ya aina moja na vidole vyake mwenyewe angeweza kuitumia miaka mingi bila ya madhara. Hatari huingia bunduki inaporithiwa au kubadilishwa, kwa kuwa ujazo wa baruti haufuati kimo peke yake bali pia upana wa tundu, na upana huo huzidishwa kwa wenyewe. Baba aliyezoea vidole vitatu katika mtutu wa milimita 16 humwachia mwanawe kanuni hiyo. Mwana hununua bunduki ya milimita 20. Vidole ni vitatu vilevile, bali baruti imezidi kwa asilimia 56.

Kwa sababu hiyo kipimo chema ni kichombo kilicho nje ya bunduki, chenye ujazo maalumu, kilichotengwa kwa ajili ya bunduki moja. Umbo lake lina maana kuliko watu wanavyodhani. Chukua, kwa ajili ya hesabu tu wala si kwa kushindilia, ujazo wa sentimita 5 za ujazo. Katika kichombo chenye kipenyo cha milimita 25, ujazo huo una kimo cha milimita 10 tu. Mkono ukiacha baruti ijae milimita moja kupita kiasi, ziada ni karibu nusu sentimita ya ujazo, yaani sehemu moja katika kumi. Katika kichombo chembamba chenye kipenyo cha milimita 10, ujazo uleule husimama kimo cha milimita 64 hivi, na ziada ya milimita moja haifiki hata asilimia 2. Basi kichombo kirefu chembamba husamehe makosa ya mkono. Kifuniko cha chupa, ambacho wengi hukitumia, hakisamehi.

Kuna vipimo visivyobadilika na kuna vile vyenye kijiti kinachotelezeshwa na kukazwa kwa skrubu. Hivi vya pili hupendwa na walenga shabaha, maana huwawezesha kujaribu viasi mbalimbali. Kwa mwindaji anayeshindilia gizani au mvuani, skrubu iliyolegea ni adui asiyeonekana. Kisichobadilika kinamfaa zaidi. Pembe, mfupa na shaba ya manjano hupendekezwa kwa sababu havitoi cheche vikigongwa. Alama za vipimo vya kigeni huandikwa kwa greni, na greni 15.4 ni sawa na gramu moja. Lakini yafaa ieleweke kwamba alama hizo huonyesha ujazo ambao baruti nyeusi ya kawaida ingekuwa na uzito huo. Zikitiwa baruti nyingine, hazisemi kweli.

Hapo ndipo ajali mbaya kuliko zote huzaliwa. Baruti isiyotoa moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliifanikisha mwaka 1884 na ambayo hujaza risasi za kisasa, haipimwi kabisa kwa kichombo cha baruti nyeusi wala haifai hata chembe katika gobore: mgandamizo wake huupasua mtutu. Unga uliotengenezwa kienyeji nao hauna kipimo, kwa kuwa nguvu ya mkupuo wa leo si nguvu ya mkupuo wa jana. Kichombo hupima nafasi, hakijui kilichomo.

Ujazaji nao uwe wa namna moja kila mara: ama kichombo kigongwe, ama kisigongwe, kisha kifutwe sawasawa mdomoni. Baruti isimiminwe mtutuni moja kwa moja kutoka katika pembe kubwa ya akiba. Kaa dogo lililobaki ndani baada ya mlio uliotangulia laweza kuiwasha, na moto ukaipanda pembe nzima iliyo mkononi.

Kosa la mwisho ni kushindilia mara mbili. Baada ya vita vya Gettysburg huko Marekani, mwaka 1863, bunduki zaidi ya 27,000 ziliokotwa uwanjani, na maelfu yake zilikutwa na mishindilio miwili au zaidi. Hao walikuwa askari waliofunzwa. Kinga yake haina gharama: mdeki hutumbukizwa katika mtutu mtupu na kuchorwa alama mahali unapokutana na mdomo, kisha huchorwa alama ya pili baruti iliyopimwa na risasi vikiwa vimekaa mahali pake. Mdeki ukisimama juu ya alama ya pili, ama baruti imezidi, ama risasi haijafika chini ikaacha mwanya ambao pia huweza kuupasua mtutu. Bunduki hiyo hailizwi.